Dawa ya kuzuia maji bafuni: ununue ipi kabla ya kubandika marumaru?

Malalamiko mnayonitumia yanafanana. Bafu la ghorofani linavuja, dari ya jipsamu ya sebuleni imeota madoa ya kahawia, fundi kaitwa, kaziba mistari upya kwa saruji nyeupe, kalipwa, na maji yamerudi pale pale.

Grauti, yaani hiyo saruji ya kuziba mistari, haizuii maji, jamani. Kila mtu akioga, maji hupenya kwenye mistari ya marumaru. Kinachoyazuia ni kile kilichopakwa chini yake, na katika nyumba nyingi za hapa Dar, chini yake pana lipu tupu.

Kukwangua rangi na skimu (lile tabaka laini la kulainisha ukuta), kuipa sakafu mteremko wa sentimita moja na nusu hadi mbili kwa kila mita kuelekea kwenye tundu la maji: hayo fundi anayejiheshimu anayajua. Asichojali ni kona. Ukuta na sakafu havitulii kwa pamoja. Kila kimoja kinasinyaa na kucheza kivyake, na pale vinapokutana hutokea ufa mwembamba kama uzi. Dawa ngumu ikipakwa hapo, inapasuka pamoja nao.

Kwa hiyo mimi dukani siulizi kwanza bei ya ndoo. Nauliza kama tepu ya kona ipo. Ni utepe wa mpira wenye kitambaa, unaozamishwa kwenye mkono wa kwanza wa dawa ukiwa bado mbichi, halafu mkono wa pili unaufunika. Unapita kona zote za sakafu, kona za wima, na tundu la maji nalo linahitaji kipande chake. Muuzaji akikujibu "hiyo tepu haina umuhimu", aga uende duka la pili.

Namba moja kwangu ni Mapelastic ya Mapei pamoja na tepu yao ya Mapeband, na sifichi mapenzi. Ni unga wa kilo 24 na maji yake maalumu ya kwenye dumu, kilo 8, ukikauka unabaki na unyumbufu, kwa hiyo ufa mdogo haulichani tabaka. Kwa unene wa milimita mbili, mita moja ya mraba inakula kama kilo 3.4. Sehemu ya kuogea ya mita moja kwa moja, kuta tatu hadi urefu wa mita mbili, ni mita za mraba saba, yaani kilo 24 hivi. Seti moja ya kilo 32 inatosha na kidogo kinabaki cha sakafu iliyo nje ya sehemu hiyo. Isubiri siku tano kabla ya kubandika, hata fundi akinuna.

Namba mbili ni SikaTop Seal-107. Nayo ni unga na maji yake. Kwa bafu la chini lenye kuta imara sina ugomvi nayo, ila uwezo wake wa kuvumilia nyufa ni mdogo, hivyo kwa bafu la ghorofani siichagui. Ukuta uloweshwe kwanza, ila maji yasituame.

Dawa ya kuchanganya kwenye saruji ya lipu inasaidia lipu, haifanyi kazi ya tabaka. Lami nyeusi, hapana: gundi ya marumaru haishiki juu yake.

Sasa wauzaji. Kuna mtindo wa kufungua seti na kupima unga kwa kilo, "maji utaongeza ya bomba, dada." Yale maji ya kwenye dumu ndiyo yanayoleta unyumbufu, ya bomba yanakupa saruji ghali tu. Kuna na cha juu cha fundi: anakupeleka kwa rafiki yake, bei inapanda, na ukidai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, unaambiwa basi ongeza asilimia 18. Bei ya bidhaa inayouzwa rejareja ilipaswa kuwa na VAT ndani yake tangu mwanzo! Nenda mwenyewe, angalia tarehe ya mwisho ya matumizi, pigapiga mfuko usije ukawa umeganda.

Kabla marumaru hazijabandikwa, ziba tundu, jaza maji sakafuni, yaache saa 24. Kiwango kikishuka au dari ya chini ikilowa, pesa ya fundi ibaki kwenye pochi yako.