Mafunzo ya Uongozi kwa Wasichana, Chake Chake: Maoni ya Mzazi

Kwa Jumamosi sita mfululizo binti yangu, mwenye umri wa miaka 16, alipanda gari ya 606 kutoka Wete hadi Chake Chake kuhudhuria mafunzo ya uongozi na utetezi ambayo asasi moja ya kiraia huyatoa bila malipo kwa wasichana wa skuli za sekondari, pamoja na wavulana wachache. Nilimsindikiza mara tatu: siku ya kwanza kwa wasiwasi wa mzazi, na mara mbili nyengine kwa kuwa nilivutiwa na nilichokiona. Nayaandika haya kwa wazazi wenzangu wa Pemba wanaojiuliza kama wawape ruhusa watoto wao. Jawabu langu ni ndiyo, ingawa yapo mambo mawili ambayo waandaaji wanapaswa kuyarekebisha.

Nilikwenda nikitarajia hotuba za kuwahimiza wasichana wajiamini. Badala yake nilikuta kazi. Kila mshiriki alitakiwa achague jambo moja linalomkera skulini au katika shehia yake, kisha atafute ni nani hasa mwenye mamlaka ya kulitatua. Binti yangu aliandika sentensi moja: "Tunaiomba serikali itusaidie vyoo." Mwalimu, mwanamama mpole lakini asiyekubali kazi nusu nusu, aliisoma kwa sauti na kumuuliza: vyoo vingapi, vina kasoro gani, na katika serikali hiyo barua itafunguliwa na nani? Akamrudishia daftari lake. Jumamosi iliyofuata mtoto alikuja na hesabu kamili. Vyoo vya wasichana ni vitatu, kimoja hakina mlango. Mfereji upo lakini hautoi maji. Ndoo hujazwa asubuhi na humalizika kabla ya mapumziko, hivyo msichana aliye katika siku zake huona bora arudi nyumbani na kuvikosa vipindi vilivyobaki. Mambo hayo yalikuwa yakitendeka kila siku, na mimi mama yake sikuwa nikiyajua.

Barua iliandikwa kwa mwalimu mkuu na kamati ya skuli, na nakala ikapelekwa kwa sheha. Kabla ya kuipeleka, wasichana waliigiza mazungumzo hayo wao kwa wao, mmoja akijifanya sheha mkali, mwengine akijifunza kujibu bila ya kuinamisha kichwa na bila ya kukosa adabu. Siku yenyewe nilisimama mlangoni. Sheha alimuuliza, "Nani kakutuma, mwanangu?" Binti yangu akajibu kwamba ametumwa na wenzake 41, na kwamba majina na saini zao ziko nyuma ya barua. Sheha aliigeuza karatasi, akazisoma saini hizo moja baada ya moja, kisha akamwambia akae kitako. Mimi sikufungua mdomo, wala haikuhitajika.

Somo jengine nililolithamini ni lile lililowaeleza vijana juu ya Baraza la Vijana la Zanzibar, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2013, ambalo linaanzia ngazi ya shehia na kupanda hadi wilaya na taifa. Wengi wa wasichana wale hawakuwa na habari kwamba kijana wa miaka 15 tayari ana nafasi humo.

Kasoro iliyonisikitisha zaidi ilikuwa katika somo la sheria. Vitabu walivyogawiwa vilitayarishwa kwa ajili ya Tanzania Bara, na mfano mkuu ulikuwa kesi ya Rebeca Gyumi, aliyekwenda Mahakama Kuu kupinga vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, vilivyoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa idhini ya mzazi. Alishinda mwaka 2016, serikali ikakata rufaa, na Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo mwaka 2019. Ni mfano mzuri wa subira na ujasiri, na ninafurahi kwamba watoto wetu wameusikia. Lakini sheria ile haitumiki Zanzibar, na hakuna aliyewaambia hivyo mpaka mshiriki mmoja alipouliza. Msichana wa Wete akisimama mbele ya watu wazima na kunukuu sheria isiyomhusu, atanyamazishwa kwa neno moja tu, na kosa halitakuwa lake. Alihitaji kufundishwa Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya mwaka 2011, inayomtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa ni mtoto. Alihitaji pia kuelezwa habari ya Sheria Namba 4 ya mwaka 2005, iliyoondoa kifungo cha jela kwa mwari aliyepata mimba nje ya ndoa na kuweka badala yake huduma kwa jamii. Mabadiliko hayo yalipatikana hapa hapa kwetu, na wanasheria wanawake wa Zanzibar walikuwa miongoni mwa walioyapigania.

Kuhusu matayarisho sina malalamiko makubwa. Chakula kilikuwa kizuri, muda wa sala uliheshimiwa, na watoto waliachiwa mapema kiasi cha kufika nyumbani kabla ya magharibi. Nauli zilicheleweshwa kwa wiki tatu, jambo ambalo kwa familia nyengine linatosha kumzuia mtoto asirudi.

Kasoro ya pili ni kwamba baada ya Jumamosi ya sita hapakuwa na ufuatiliaji wowote. Mlango wa choo ulitiwa katika muda wa wiki mbili, na siku hiyo nyumbani kwetu ilikuwa kama Sikukuu. Maji hayajafika. Hapo ndipo mwalimu alipohitajika zaidi, kwa sababu ombi lililokubaliwa nusu ni gumu kuliko lililokataliwa, lakini simu zetu mbili hazikujibiwa. Binti yangu ameandika barua ya pili peke yake, safari hii kwa ofisi inayohusika na maji. Ina saini 67, na 19 kati ya hizo ni za wavulana.