Saini au chuma: kipi kitangulie katika kupima tsuba ya kale?

Anayechunguza tsuba, yaani kikinga mkono cha upanga wa Kijapani, aweza kuanzia kwenye saini au kwenye kazi yenyewe. Saini hulinganishwa na mifano iliyothibitishwa, kwa kuangalia mwelekeo wa patasi na kina cha mikato; lakini jina kama Nobuie lilitumiwa na zaidi ya fundi mmoja, na limeghushiwa mno. Chuma hakidanganyi kirahisi, ingawa kutu nayo huweza kutengenezwa: tazama rangi yake, ufuaji wake, na kingo za tundu la upanga. Mimi huifunika saini kwa kidole kwanza. Isitoshe, kazi za mafundi wa awali wa Goto, ukoo wa wahunzi wa mapambo ya panga, kwa kawaida hazikutiwa saini; majina mengi yaliyomo yalichongwa baadaye na wazao wao waliozitambua.