Msitu Usiooza: Tathmini ya Minecraft Education katika Somo la Mazingira

Kwa mihula mitatu nimetumia Minecraft Education, toleo la shule la mchezo wa kujenga unaotengenezwa na kampuni ya Mojang ya Sweden, kuwafundisha wanafunzi 24 wa Gredi ya 7 jinsi msitu unavyopangika na jinsi viumbe wake wanavyotegemeana. Shule yetu iko upande wa mashariki wa Nairobi, ambako mti mkubwa ulio karibu ni mjakaranda mmoja nje ya lango, na wengi wa watoto hawa walikuwa hawajawahi kuingia msituni hata mara moja. Naandika kwa ajili ya walimu wenzangu wanaojiuliza kama fedha za shule zitumike kwa kitu ambacho wazazi wanakiita mchezo. Maoni yangu ni kwamba zitumike, kwa sharti nitakalolieleza, kwa sababu programu hii inafundisha umbo la msitu vizuri kuliko kitabu chochote nilichowahi kukitumia darasani, ilhali ndani yake hakuna kinachooza, na pengo hilo halizibiki bila mwalimu.

Kwa wasioufahamu, ulimwengu wa mchezo huu umejengwa kwa michemraba, kila mmoja ukihesabiwa kuwa na upande wa mita 1. Mchezo wenyewe ulitolewa rasmi mwaka 2011, Microsoft ikainunua Mojang mwaka 2014, na toleo la shule likafuata mwaka 2016 likiwa na mbao za kuandikia, kamera, na kitabu ambacho mwanafunzi anaandika maelezo na kuweka picha zake, kisha anakitoa kama faili ya PDF ili mwalimu akisahihishe. Jijini Nairobi mchezo huu si mgeni katika kazi ya kupanga mazingira. Tangu mwaka 2012 UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi lenye makao makuu Gigiri, limeutumia pamoja na Mojang katika mradi wa Block by Block ili wakazi wachore wenyewe sehemu zao za umma, na uwanja wa Silanga, Kibera, ulikuwa miongoni mwa maeneo ya kwanza kabisa kupangwa kwa njia hiyo.

Zoezi langu la kwanza lilikuwa rahisi kulitamka. Kila kikundi kilipewa kiwanja cha michemraba 50 kwa 100, yaani nusu hekta kamili, na kuombwa kupanda msitu ambamo ndege, nyuki na wanyama wadogo wangeweza kuishi. Ukubwa huo wa mita moja moja ni neema kwa mwalimu wa sayansi, kwa kuwa mtoto anahesabu nafasi kati ya miti kwa hatua anazopiga bila kulazimika kubadilisha vipimo. Vikundi vyote vilipanda miti ya aina moja kwa mistari iliyonyooka, na nafasi kati ya mti na mti ilikuwa ileile kutoka pembe hadi pembe. Walipanda kama wanavyoona mahindi yakipandwa kwa nyanya zao, na sikuwalaumu. Kosa hilo lisingeonekana kwenye daftari, ambako mtoto angenakili mchoro wa matabaka ya msitu na kupata alama zote. Hapa lilionekana mara tu mmoja wao alipopaa juu ya kiwanja chake na kusema kwa mshangao kwamba ametengeneza shamba.

Kuanzia hapo mchezo wenyewe ulisaidia sana, hasa katika jambo la mwanga. Mche katika Minecraft haukui pasipo mwanga wa kutosha na nafasi wazi juu yake. Mwaloni mweusi hukua tu pale miche minne inapopandwa kwa pamoja katika umbo la mraba, na ukikomaa hutandaza majani mapana yanayoifunika ardhi. Kikundi kimoja kilijaza kiwanja kizima kwa miti hiyo, kisha kikajaribu kupanda miche mingine chini yake, ikagoma. Waliingojea kwa kipindi kizima. Mwishowe walikata miti sita katikati, wakaacha uwazi, na kipindi kilichofuata waliikuta miche iliyokuwa ndani ya uwazi huo imekuwa miti, huku ile ya kivulini ikiwa vilevile. Wakati huohuo uyoga, ambao mchezoni huenea penye giza, ulikuwa umeongezeka kule ambako hawakukata. Sijawahi kuona somo la matabaka, uwazi na kivuli likieleweka kwa haraka kiasi hicho, na sikulazimika kusema zaidi ya sentensi mbili.

Nyuki nao walinifurahisha. Mche wa mwaloni ukipandwa ndani ya mita 2 kutoka kwenye ua, una uwezekano wa asilimia 5 wa kukua ukiwa na kiota cha nyuki, na nyuki aliyebeba chavua akipita juu ya mazao huyakuza. Watoto walipogundua hayo walianza kupanda maua kwenye ukingo wa msitu, mahali ambapo miti inakutana na nyasi, na kwa mara ya kwanza ukingo ukapewa mpango wake. Wapangaji wa misitu hujali sana ukingo huo wa vichaka na maua, kwa sababu ndiko wadudu na ndege wengi hupata chakula.

Kisha likaja swali ambalo mchezo haukuweza kulijibu. Msichana mmoja alikata mchemraba wa chini kabisa wa shina la mwaloni, na mti uliobaki ukaendelea kuning'inia hewani, majani yake yote yakiwa mabichi. Akaniita: "Mwalimu, mbona hauanguki?" Akakata shina lote. Majani yakaanza kupotea moja moja, yakidondosha miche michache chini, na baada ya dakika 5 miche ile ambayo hakuna aliyeiokota ikatoweka. Hakukuwa na gogo wala takataka za majani, na udongo ulibaki kama ulivyokuwa. Katika ulimwengu huu mti unapokatwa haulishi chochote, na miche inayodondoka haijipandi yenyewe. Mbwa mwitu humla kondoo na mbweha humfukuza kuku, lakini hakuna kati yao anayekufa njaa kondoo na kuku wakiisha. Mazao hukua upesi zaidi yakiwa na maji ndani ya mita 4, ila mti hauhitaji hata tone. Mvua hunyesha mlimani bila kuuondoa udongo. Kwa mtoto wa Nairobi, ambaye ameona maji mekundu yakishuka barabarani kila msimu wa masika, mvua isiyobeba udongo ni kasoro kubwa.

Hapo ndipo lilipo sharti langu. Tuliwapeleka watoto Karura, msitu wa zaidi ya hekta 1,000 uliotangazwa rasmi kuwa hifadhi mwaka 1932, na ambao Wangari Maathai na wenzake waliutetea mwishoni mwa miaka ya tisini ulipokuwa ukigawiwa wajenzi. Tuliwapa kamba zenye fundo kila baada ya mita 1. Walipima nafasi kati ya miti kwanza katika sehemu ya mikalitusi, iliyopandwa kwa mistari, kisha katika sehemu ya miti ya kiasili. Katika mikalitusi namba zao zilikaribiana, na chini ya miti hapakuwa na mengi ya kuandika. Katika miti ya kiasili hakuna vipimo viwili vilivyolingana. Mmoja alipata mita 1, mwingine mita 7, na kati ya miti hiyo mlikuwa na vichaka ambavyo kamba haikuweza kupita. Tulionyeshwa muhugu, mti unaokua polepole ambao wachongaji wa vinyago wameutafuta kwa miaka mingi kwa ajili ya ugumu wake, na watoto walipoambiwa kwamba mche mdogo waliousimamia ungehitaji miongo kadhaa kufikia ukubwa wa mzazi wake, walinyamaza. Siku nzima ya mchezo wao ni dakika 20.

Kilichowashika zaidi kilikuwa gogo la mti wa kiasili wa mukinduri lililolala kando ya njia. Mvulana mmoja alilibonyeza kwa kidole na kidole kikazama hadi kwenye kiungo cha kwanza. Ndani mlikuwa na mchwa, jongoo na nyuzi nyeupe za kuvu, na juu yake miche miwili yenye majani manne manne ilikuwa imeota katika unga mweusi ambao hapo zamani ulikuwa mbao. Msichana aliyeuliza kuhusu mti uliokataa kuanguka alikaa pale kwa muda mrefu akichora, na nilipomwita twende alisema bado hajamaliza kuhesabu mashimo.

Waliporejea kwenye tarakilishi, viwanja vilibadilika bila maagizo yangu. Walilaza magogo sakafuni mwa msitu, wakayazungushia uyoga, wakatawanya miti kwa nafasi zisizolingana, na wakachimba mfereji wa kupokea maji ya mteremko, ingawa walijua kwamba mvua ya mchezoni haibebi chochote. Kando ya gogo moja waliweka ubao wenye maneno haya: "Usiondoe. Linaliwa." Walikuwa wanajenga yale ambayo programu haiwezi kuyatenda, na kwenye vitabu vyao walieleza ni nini kingetokea kila mahali kama msitu ungekuwa wa kweli. Maelezo hayo ndiyo niliyoyapa alama, zaidi ya uzuri wa kiwanja.

Mchezoni miti ya kwetu ni michache sana. Mgunga wa savana upo, na watoto waliutambua mara moja kwa mwavuli wake bapa, lakini mugumo (mtini wa porini), muhugu na mutamaiyu (mzeituni wa porini) haimo. Tulikubaliana kwamba mti mkubwa wa msitu wa mvua uwakilishe mugumo, na msonobari uwakilishe mwerezi, kisha kila mti ukawekewa kibao cha jina. Kazi hiyo ilileta faida nyingine, kwani tuliucheza mchezo kwa Kiingereza na vibao vikawa mahali pa kuandika kwa Kiswahili maneno ambayo vinginevyo wangeyakariri tu: uchavushaji, mboji, kitalu, viozeshaji, spishi vamizi. Masomo yaliyotayarishwa niliyoyafungua katika maktaba ya programu yalinipa mawazo mazuri ya hatua za kufuata, lakini misitu yake ilikuwa ya nchi za baridi, nami nikaona ni afadhali kuandaa viwanja vyangu mwenyewe. Nilitumia jioni nne.

Kuhusu gharama, leseni ya shule ni takriban dola 5 za Marekani kwa mtumiaji kwa mwaka, na kila mtumiaji anahitaji akaunti ya shule ya Microsoft 365, ambayo kiwango chake cha chini shule hupewa bure. Sisi tulinunua leseni 12, watoto wakakaa wawili wawili, mmoja akijenga na mwingine akiandika, kisha wakibadilishana baada ya dakika 15. Mpangilio huo nisingeubadilisha hata kama ningepata leseni 24, maana mabishano ya wawili kuhusu mahali pa kupanda mti mmoja yalikuwa na sayansi ndani yake kuliko ukimya wa mtoto aliye peke yake. Programu inafanya kazi kwenye Windows, Chromebook na iPad.

Jihadharini na umeme. Kiwanja cha pamoja hukaa kwenye tarakilishi moja, na wengine huingia kwa msimbo wa picha chache, kwa hiyo tarakilishi hiyo ikizima, wote wanatolewa. Lilitukuta mara mbili, na mara ya pili kikundi kilipoteza kazi ya nusu saa na mtoto mmoja akalia. Tangu siku hiyo mwenyeji wa kiwanja huwa ni kipakatalishi chenye betri nzuri, nami huhifadhi nakala ya kiwanja kwenye diski kila mwisho wa kipindi. Mtandao wenu ukiwa dhaifu, fanyeni shughuli ya kuingia kwenye akaunti asubuhi na mapema kabla ofisi haijaanza kuutumia. Na kabla ya kulipia chochote, ulizieni tarehe ya ziara ya msituni na nauli ya basi. Kama bajeti inatosha kimoja tu, pandeni basi kwanza, na leseni zisubiri muhula unaofuata.