Kifaa cha mezani cha jua, dunia na mwezi: kimenifaa, lakini nimelazimika kukirekebisha

Kifaa hiki nilikinunua kwa shilingi 95,000 katika duka moja la vifaa vya shule jijini Dar es Salaam, na kwa muhula mzima nimekitumia kufundisha jiografia kidato cha kwanza hapa Tanga. Kina taa inayosimama badala ya jua, tufe la dunia lenye kipenyo cha sentimita 12, na mwezi mdogo ulioshikizwa kwenye mkono wa chuma unaozungushwa kwa giya.

Sifa yake kubwa ilionekana siku ya kwanza. Wanafunzi wengi walikuwa wakiamini kwamba mwezi humegeka kwa kuangukiwa na kivuli cha dunia. Tulipofunga madirisha na kuwasha taa, waliona wenyewe kwamba nusu ya mwezi huangazwa wakati wote, na kinachobadilika ni kiasi cha nusu hiyo kinachotuelekea sisi: mwezi ukiwa upande wa jua, nuru yake inakuwa imetupa kisogo, ukisogea kidogo tunapata hilali, ukifika upande wa pili, tunauona mpevu. Nilichomeka pini mahali pa Tanga na kulizungusha tufe polepole, wakagundua bila kuambiwa kwa nini mwezi mpevu huchomoza jua linapotua, na kwa nini mwezi wa robo ya mwisho humtaka mtu akeshe hadi usiku wa manane. Mtoto mmoja wa mvuvi aliongeza kwamba bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, kwa kuwa ndipo jua na mwezi huvuta maji katika mstari mmoja, na maji mafu huja kwenye robo. Somo la siku hiyo lilifidia nusu ya bei.

Kasoro inaanzia kwenye mkono ule wa chuma. Umelazwa sawasawa na taa, hivyo kila mwezi unapopaswa kuwa mpevu unazama katika kivuli cha dunia, na yale mawazo niliyokuwa nimeyang'oa yanarudi palepale. Kwa kweli njia ya mwezi imeinama kwa nyuzi 5 hivi, ndiyo maana mara nyingi mwezi hupita juu au chini ya kivuli na kupatwa kwake hakutokei kila mwezi. Hata hivyo, kuuinamisha mkono huo kwa nyuzi 5 tu hakusaidii, kwa sababu una urefu wa sentimita 20, ilhali kwa tufe la ukubwa huu mwezi ulistahili kuwa umbali wa zaidi ya mita tatu na nusu. Nimeufunga mwezi juu ya kipande cha waya ili upite juu ya kivuli, nami huwaambia wanafunzi wazi kwamba nimetia chumvi.

Giya nazo zimerahisishwa kupita kiasi: mwezi huandama mara 12 kamili kwa kila mzunguko wa dunia. Miezi 12 ya mwandamo, kila mmoja ukiwa na siku 29 na nusu hivi, hufanya siku 354 tu, na pengo la siku 11 ndilo linaloitanguliza Ramadhani kila mwaka. Kwenye kifaa hiki Ramadhani isingehama kamwe. Mchoro wa boksi pia unaonyesha hilali iliyosimama wima, ambayo huenda inamfaa mtoto wa Ulaya, lakini huku kwetu karibu na ikweta hilali mara nyingi hulala chali mfano wa ngalawa.

Kwa shule yenye mwalimu atakayezitaja kasoro hizi, ninakipendekeza. Mzazi anayetaka kumwelewesha mwanawe nyumbani asitoe fedha hizo. Achomeke chungwa kwenye kijiti, awashe taa moja chumbani, kisha amzungushe mtoto huku akilinyanyua chungwa juu kidogo ya kichwa.