Kitana cha chuma cha chawa: uzoefu wangu, Moshi

Nimekitumia kwa watoto wawili, mmoja wa nywele ndefu laini, mwingine wa nywele za kipilipili. Nakipa nyota nne kati ya tano. Kinaondoa chawa bila dawa yoyote ya wadudu, ila kwa sharti moja: ufuate tarehe.

Meno yake ni marefu, magumu, na pengo kati yake halifiki milimita 0.3. Vile vya plastiki vya pale soko la Mbuyuni meno yake hutanuka yakikutana na nywele nene, na chawa anapita katikati salama.

Osha nywele kwa shampuu ya kawaida, usizikaushe. Paka kondishena nyeupe kwa wingi kuanzia kwenye ngozi hadi ncha. Chawa hupooza, kitana kinateleza, na wadudu wanaonekana vizuri. Kisha fungua mafundo yote kwa chanuo la meno mapana. Wengi huharibu hapa: kitana kikinasa kwenye fundo mtoto anaumia, na safari ijayo hakai. Gawa nywele kwa vibanio, kila fungu lisizidi sentimita 2. Anzia nyuma ya masikio na kisogoni. Meno yaguse ngozi, vuta taratibu hadi ncha, futa kwenye tishu nyeupe kila unapovuta. Kila fungu mara mbili au tatu. Suuza, halafu pitia kichwa chote tena.

Chana siku ya 1, 5, 9 na 13, kisha kagua siku ya 17. Kitana hakitoi mayai yote. Yai huanguliwa ndani ya siku 7 hadi 10, na chawa mchanga huchukua siku 9 hivi au zaidi kabla hajaanza kutaga. Ukimtoa mapema, uzao unakatika. Ukiruka siku ya 9 kwa sababu kichwa kinaonekana kisafi, utaanza upya. Na ukikuta chawa mkubwa baada ya siku ya 5, kagua nyumba nzima: dada wa kazi, bibi, binamu anayelala na mtoto kitanda kimoja.

Usichanganye mba na mayai: mba hupukutika ukiigusa. Yai limegandia unywele, halitoki mpaka ulivute kwa kucha.

Kwa kipilipili, fumua kwanza kama amesukwa, ongeza kondishena, na kila fungu liwe jembamba zaidi. Inachukua muda mrefu sana. Kama shule yake inataka watoto wanyolewe, usinunue kitana. Kunyoa mpaka ngozi kunamaliza kazi siku hiyo hiyo.

Nawasihi wazazi wenzangu, hasa wenye mifugo: dawa ya kuogeshea ng'ombe isiguse kichwa cha mtoto. Ni sumu na inapenya ngozi. Mafuta ya taa nayo huunguza ngozi, na karibu na jiko yanashika moto. Nyumba pia haihitaji kupuliziwa chochote. Chawa akitoka kichwani hufa ndani ya siku moja au mbili. Foronya, kofia na vilemba vifuliwe kwa maji ya moto, basi.

Nyota moja nimeipunguza kwa sababu ya mpini. Umegandishwa kwa gundi, na maji yanayochemka yaliulegeza. Sasa nikikisafisha natumbukiza meno tu, dakika 10, kwenye maji ya moto yasiyochemka.