Nimekula Ndizi Mbele ya Makao ya Mfalme: Hoteli ya King Kam, Kona

Haya wadau wangu, habari zenu, karibuni tena. Mnaona nimeshika ndizi. Msiniulize sasa hivi! Hii ndizi ndiyo video yenyewe, ukiondoka kabla haijamenywa umeniangusha.

Nipo Kailua-Kona, Kisiwa Kikubwa cha Hawaii. Hapa ni saa moja asubuhi, huko nyumbani Dar mmeshafika saa mbili usiku. Nyuma yangu ni King Kamehameha's Kona Beach Hotel, wenyeji wanaiita King Kam tu. Vyumba sitawaonyesha. Kitanda ni kitanda, na picha za bafu zimejaa mtandaoni, katazameni.

Niwe mkweli, hii hoteli nilikuwa siitaki. Mume wangu ndiye aliyeing'ang'ania. Mimi moyo wangu ulikuwa Waikiki, ufukwe wa Honolulu kwenye kisiwa kingine, kwenye ile hoteli ya rangi ya waridi, Royal Hawaiian, iliyofunguliwa 1927. Na yenyewe iko kwenye ardhi ya wafalme, panaitwa Helumoa, palikuwa na minazi isiyohesabika. Nimepita kuitazama, kulala sikulala, mfuko una maneno yake. Imependeza, siwezi kuinyima haki yake. Ila ufalme wa pale unausoma kwenye kibao. Hapa ufalme unakutazama ukinywa kahawa.

Subiri, kwanza ufukwe, maana najua mtauliza. Geuza kamera. Mnaona mchanga unapoanzia? Hapo. Mnaona unapoishia? Hapo hapo! Basi. Watu wa Kiwengwa mtacheka, ninyi mnatembea mpaka miguu inaomba radhi na mchanga bado upo. Lakini tazama maji yalivyotulia, kama ya kwenye beseni. Ni kighuba kidogo, gati limekikinga upande ule, na watoto wanaogelea mama zao wakipiga soga.

Na ile mitumbwi pale, sogea, sogea. Si ngalawa hiyo? Yetu ina mbao za kuizuia isipinduke pande zote mbili, ya kwao ina upande mmoja, wa kushoto. Ndugu kabisa. Mababu wa hawa watu na waliotuletea sisi ngalawa walitoka ukoo mmoja wa mabaharia kule visiwa vya Asia. Nikasimama pale nikajisikia nipo Nungwi, mpaka mtu aliponisalimia aloha.

Haya, sasa kile kilichonifanya nimwombe mume wangu msamaha. Mnaona lile jukwaa la mawe meusi limeingia majini? Lina vibanda vya majani na sanamu za mbao. Hilo ni Ahuena Heiau, mahali pa ibada pa Mfalme Kamehameha wa Kwanza. Vuta karibu ile sanamu ndefu kuliko zote. Kichwani, juu kabisa. Umekiona? Ndege! Ni kolea, ndege wa pwani ambaye kila mwaka anaruka kutoka Alaska kuja huku bila kutua. Nimekaa siku mbili nikidhani ni ndege wa kweli amepumzika, namsubiri aruke. Jamani.

Vibanda hivyo vilijengwa upya miaka ya 1970, msidhani ni majani ya enzi zile. Ila mahali ni penyewe. Kamehameha aliviunganisha visiwa vyote chini yake 1810, akahamia hapa Kamakahonu, akafia hapa Mei 1819. Mifupa yake ikafichwa, na hadi leo hakuna anayejua ilipo. Kuingia pale juu hairuhusiwi, na naomba mkija msijifanye wajanja kwa ajili ya picha. Ufukweni panatosha kabisa.

Kabla ya ndizi, bei. Najua, najua! Nimeahidi chaneli hii haifichi bei. Marekani bei ya chumba unayoiona kwanza siyo unayolipa. Hawaii, tangu Januari 2026, kodi ya jimbo kwa chumba imepanda kutoka asilimia 10.25 hadi 11. Kaunti inaongeza 3. Kuna kodi nyingine ya mauzo, karibu 4 na nusu. Chumba cha dola 300, kwa mfano, kimeshaongeza kama 55. Hapo sijagusa maegesho. Kuna hoteli moja, siitaji, kisiwa kingine, maegesho ya usiku mmoja yaliniuma kuliko chakula cha jioni. Na Oktoba msijaribu kuja bila kupanga mapema, ndiyo mashindano ya Ironman, ya kuogelea, baiskeli na kukimbia kwa mkupuo, watu wanaogelea kilomita 3.8 kuanzia hapa gatini, mji mzima unajaa wenye mapaja ya chuma.

Haya. Ndizi.

Enzi za Kamehameha kulikuwa na kapu. Kapu ni mwiko, sina haja ya kuwafafanulia ninyi mliokua mkiambiwa firigisi ni ya baba. Mwanamke hali na mwanamume. Mwanamke hali nguruwe, hali nazi, na aina nyingi za ndizi haruhusiwi. Wahaya mnanisikia? Ndizi! Na adhabu haikuwa kuchapwa kofi, ilikuwa kifo.

Mfalme akafa. Mwanawe Liholiho akatawala pamoja na Kaahumanu, mke kipenzi wa marehemu. Huyo mama na Keopuolani, mama mzazi wa Liholiho, ndio waliomsukuma kijana. Miezi michache baadaye, 1819 hiyo hiyo, ikaandaliwa karamu, Liholiho akanyanyuka kwenye meza ya wanaume, akaenda kuketi na wanawake, akala. Hapa hapa Kailua. Mwiko ukafa siku hiyo, na Wamisionari wa kwanza walikuwa hata hawajatia nanga, walifika 1820.

Kwa hiyo namenya. Tazama. Sanamu ile pale, mimi hapa, mchangani, mwanamke mzima na ndizi yangu. Ngoja nitafune... Mmh. Tamu, ndogondogo kama kisukari yetu.

Ganda narudi nalo, siliachi hapa. Meli ya watalii imeshaanza kushusha watu kwa boti pale gatini, kelele zinakuja. Baba Zawadi, zima kamera, nawe chukua yako moja.