Akili mnemba mezani kwa mwalimu wa darasa la tatu: uzoefu wangu

Nafundisha Hisabati na Kiswahili darasa la tatu, na vipindi vichache vya kusoma darasa la kwanza, kwenye shule ya serikali huku Muheza, Tanga. Watoto wamejaa, madawati yamebanana, projekta hatuna. Nilichonacho ni kishikwambi, vile vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 kisha tukagawiwa walimu. Humo nimeweka programu ya akili mnemba, hii unayoiandikia swali nayo inakujibu, toleo la bure. Jina lake silitaji, maana nitaisifu na nitaisema pia, na sikuja hapa kumtangazia mtu biashara.

Kilichonifanya niendelee nayo ni makosa ya watoto. Nilitoa zoezi la kutoa, swali mojawapo 52 kutoa 27. Jibu ni 25, lakini madaftari kwa madaftari yalikuja na 35. Mwalimu mwenye rundo mbele yake anaweka kosa anaendelea. Mimi jioni nikaiandikia: mtoto wa darasa la tatu amepata 35 hapa, amefikiri nini?

Ikanipa njia mbili. Ya kwanza ninaijua tangu chuoni: mtoto ameona 2 haitoshi kutolewa 7, akageuza, akafanya 7 kutoa 2 akapata 5, makumi akayatoa vizuri akapata 3. Ya pili ndiyo iliyonikalisha sawa. Mtoto anajua kwamba lazima achukue kumi moja kutoka kwenye makumi, akapata 12 kutoa 7 ni 5, halafu akasahau kuwa yale makumi 5 sasa yamebaki 4. Naye anaandika 35. Watoto wawili, jibu moja, shida mbili tofauti kabisa, na swali langu lilikuwa halina uwezo wa kuwatenganisha.

Nikaomba swali litakalowatenganisha. Ikanipa 53 kutoa 27. Hesabu mwenyewe: anayegeuza anapata 34, anayesahau makumi anapata 36, aliyeelewa anapata 26. Kesho yake nikaliandika ubaoni, nikapita katikati ya madawati, na kabla kengele haijalia nilikuwa na makundi mawili. Wa 36 niliwapa vijiti vilivyofungwa kumikumi, wakafungua fungu moja kwa mikono yao na kuyahesabu mafungu yaliyobaki kwa sauti. Wengi walielewa palepale. Wa 34 walihitaji kazi ndefu zaidi, ya visoda, kuanzia namba ndogo kabisa, na baadhi yao bado niko nao.

Basi nikajua nimepata msaidizi. Nikaiomba maswali mengine kumi ya aina hiyohiyo, yenye kufungua fungu. Ikaniletea kumi, safi, yamepangwa vizuri. Ndani yake kulikuwa na 68 kutoa 34, ambalo halifungui kitu, na 61 kutoa 26, ambalo lina ugonjwa uleule wa swali langu la mwanzo: anayegeuza na anayesahau wote wanapata 45. Dakika chache tu tangu tuzungumzie jambo hilo! Ndivyo ilivyo. Ukiiuliza kuhusu kosa moja la mtoto inafikiri vizuri ajabu, ukiiagiza zoezi zima inakuwa na haraka. Kwa hiyo kila swali nalifanya kwa kalamu kabla halijafika ubaoni.

Maswali ya mafumbo nayo yana kasoro zake. Bila kuelekezwa inakuletea matufaha, supamaketi na mtoto anayelipa kwa dola. Hapa kwetu mtoto anajua machungwa. Anajua tenga linajaa vipi na mnunuzi anapunja vipi. Kubwa zaidi ni saa. Iliniandikia kuwa Rehema huamka saa 6 asubuhi na kufika shuleni saa 7:30. Mtu mzima atacheka apite, lakini darasa la tatu ndio kwanza wanajifunza kusoma saa, na mtoto anayeamka saa sita tunamwita mgonjwa. Ukiirekebisha inakubali mara moja, ila ukianza mazungumzo mapya imesahau. Dawa yangu ni aya moja niliyoihifadhi kando: darasa, mada, shilingi, saa za Kiswahili, mazao ya Muheza, sentensi fupi. Naibandika kila ninapoanza.

Darasa la kwanza imenishinda. Niliomba hadithi yenye herufi tulizofika tu, yaani irabu na m, b, k, d, l. Sentensi ya pili tayari kuna ng'ombe yuko shambani. Nikaikumbusha, ikaomba radhi kwa adabu zote, ikamtoa ng'ombe na kumleta mbuzi. Nikaandika mwenyewe: Bibi amelala. Kaka alima. Dada amebeba debe. Mambo yakaisha.

Andalio la somo? Inaandika andalio zuri la kumpendeza mdhibiti ubora, lenye video na vikundi vya watoto wannewanne. Darasani kwangu hata mimi napita upande upande. Najua walimu wanaoliprinti hivyohivyo, na sisemi kwa ubaya kwa sababu makaratasi tunayodaiwa ni mengi, lakini andalio ambalo hakuna atakayelifundisha ni wino umepotea. Tena umahiri, yaani kile mtoto anachotakiwa aweze, inabuni wa kwake usipoipatia ulioko kwenye muhtasari wa Taasisi ya Elimu. Ninachoiomba siku hizi ni kipande kimoja tu: nianzeje dakika tano za kwanza, au niulize swali gani nijue kama wameelewa. Hapo inanisaidia kweli.

Watoto wenyewe siwapi waitumie. Mwongozo wa UNESCO wa 2023 unapendekeza umri usiopungua miaka 13 kwa programu hizi darasani, na wangu wana minane, tisa. Hata bila mwongozo, mtoto ambaye bado hajui kutunga sentensi atajifunza nini kwa kutungiwa? Ninachofanya ni kuileta kazi ya mashine ubaoni waihukumu. Iliandika kwamba babu alitikisa mchungwa, machungwa yakaanguka, akayapeleka sokoni akayauza. Nikauliza kama kuna kosa. Wakatafuta herufi kubwa, wakatafuta nukta. Kijana mmoja wa dawati la nyuma, ambaye kwa kawaida hanyooshi mkono, akasema: "Mwalimu, chungwa likidondoka linapondeka, tajiri halichukui. Mtu anapanda juu anachuma kwa mkono." Darasa zima likawa na la kusema. Tukaiandika upya aya ile pamoja, na ikatoka ndefu kuliko ya mashine, na Kiswahili chake kitamu zaidi.

La mwisho ni majina. Mwenzangu mmoja alitaka kupiga picha orodha ya matokeo, majina yote na alama, aitume ipigiwe wastani. Nikamwambia aondoe majina aweke namba. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na tukiiweka kando sheria yenyewe, mzazi aliyemleta mtoto wake shuleni hakunipa ruhusa ya kumtangaza kwa kampuni iliyo ng'ambo ya bahari. Picha za madaftari pia situmi, naandika kosa lenyewe tu.

Nyota nne kati ya tano kwa kuchambua makosa, mbili kwa mazoezi, moja kwa darasa la kwanza. Bando haili sana kwa sababu ni maandishi matupu, na nikishapata ninachotaka nanakili kwenye daftari, kwa hiyo umeme au mtandao ukikatika kesho yake sina wasiwasi. Toleo la kulipia linadaiwa kwa dola kila mwezi na linataka kadi. Fedha hiyo mimi nanunulia rimu.